Gari Lisilotaka Kusimama

Kwa majuma matatu watu wa mtaa wa Bwiza walipanda teksi ya Massoudi huku wanakimbia. Si kwamba Massoudi alikuwa mtu wa haraka. Alikuwa mtu mzito, wa polepole, ambaye hata chai aliinywa baada ya kuipuliza mpaka ikapoa kama maji ya mtungi. Ni gari lenyewe lililokuwa halitaki kusimama.

Likitembea halikuwa na neno. Ungelipeleka mpaka uwanja wa ndege ukarudi nalo, na ule mshale wa joto ukabaki pale pale katikati, umetulia kama mgeni aliyekunywa uji. Lakini lisimamishe injini ikinguruma, mbele ya duka, au kwenye foleni ya petroli, au kwenye bariyeri ya askari, uhesabu mpaka mia mbili hivi: mshale unaanza kupanda. Ukifika mia nne, kapo, lile bati la mbele linalofunika injini, linaanza kutoa mvuke pembeni. Na ukilizima likiwa na moto haliwaki tena mpaka lipoe, na kupoa kwake kulikuwa nusu saa kamili, ukiwa umeinua kapo na umelivua gari heshima yake mbele ya watu.

Basi Massoudi alizoea kutosimama. Mteja akienda kununua dawa, Massoudi alizunguka mtaa mzima mara tano akimngoja. Mteja akishuka, alishuka gari likijongea. "Tupa kwanza mfuko, halafu mguu wa kulia!" Massoudi aliwafundisha, na wengine walikuwa wamekwisha kuwa hodari, wanashuka hata na kuku mkononi.

Aliyekataa ni Dévote, muuza nyanya, mwanamke mnene na mwenye msimamo. "Mi si mwizi," alisema siku moja mbele ya soko. "Sikimbilii gari. Simama." Massoudi akasimama. Dévote akapakia kapu la kwanza, akamsalimu mtu, akapakia la pili, akaulizia habari za mtoto wa yule mtu, na alipokuwa ameshika kapu la tatu kifuniko cha radiateri, lile tangi la maji ya kupoza injini, kikafyatuka. Kikagonga kapo kwa ndani: paa!

Mwaka ule Bujumbura mlio kama huo haukuulizwa unatoka wapi. Soko zima lililala chini. Muuza vitambaa alilala juu ya vitambaa vyake, jambo la heri, na Dévote alilala juu ya nyanya zake. Alipoinuka, kifua chote chekundu, watu wakapiga kelele, na yeye mwenyewe akapiga kelele kuwazidi, akaanza kuwataja watoto wake mmoja mmoja na nani amlee nani. Alipofika kwa kitinda mimba tone moja likamwingia mdomoni. Akanyamaza, akaonja. Akamtazama Massoudi kwa jicho ambalo Massoudi aliliona hata akifumba macho yake.

Baada ya hapo watu wakasema teksi ile si mgonjwa tu, ni hatari. Na ilikuwa imebaki juma moja tu harusi ya Assia, binti yake Massoudi, ifike.

Ugonjwa ulianza hivi. Feni ya zamani, ile inayoipoza radiateri gari likisimama, iliungua. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo kwa sababu ya vita vyetu, na kipuri kilikuwa kitu cha kusikia kwenye masimulizi. Lakini Karimu, fundi wa Buyenzi, rafiki wa Massoudi tangu chuo cha Korani, hakushindwa. Nyuma ya gereji yake ulikuwapo mzoga wa basi dogo, na mbele ya radiateri ya mzoga huo kulikuwa na feni nzima kabisa. Akaing'oa. Kwenye gari la Massoudi hakukuwa na nafasi mbele ya radiateri, ila nyuma yake, upande wa injini. Karimu hakuona shida. Akaipachika nyuma, akaunga nyaya mbili, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kwa utaratibu mzuri, akawasha. Ikazunguka.

"Feni ni feni," alisema akijifuta mikono. "Inazunguka. Unataka nini tena, ikuimbie?"

Na kwa kuwa feni ndiyo iliyokuwa kitu kipya peke yake kwenye gari lile, ndiyo peke yake ambayo hakuna aliyeishuku.

Jumatatu ya juma la harusi Massoudi alilipeleka gari gereji akaapa kutoondoka. Gereji ya Karimu ilikuwa uchochoro tu kati ya nyumba mbili. Gari liliingia pua mbele mpaka lilipokaribia kugusa ukuta, na fundi alifanya kazi akiwa pembeni, ameinamia injini kama mtu anayechungulia kisima. Mbele, kwenye ukuta, palikuwa na msumari ambapo Karimu alianika salopeti, ovaroli yake ya kazi, kila alipoifua.

Karimu alianza na kifuniko cha radiateri, akatafuta kingine chenye mpira mzuri. Joto lilikuwa lile lile. Akatoa kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji, akakitumbukiza ndani ya birika la chai ili aone kama kinafunguka kwenye moto. Kilifunguka. Wakainywa ile chai baadaye, na wote wawili wakakubaliana kwamba ilikuwa na ladha ya bomba. Siku ya tatu alifungua radiateri akaisafisha kwa maji mpaka yakatoka meupe. Yalianza kutoka na rangi ya kahawa ya maziwa, na Karimu akashangilia kabisa. "Ndiyo hii! Ndiyo hii, ndugu yangu! Ilikuwa na figo mbovu." Wakawasha. Wakahesabu. Mshale ukapanda.

"Feni je?" aliuliza Massoudi.

Karimu alimwonyesha kwa kidole. Feni ilikuwa inazunguka kwa bidii, inavuma. "Uko na macho? Au na macho nayo iko chini ya vikwazo?"

"Mi naona inazunguka."

"Basi. Hii gari haiko na ugonjwa, iko na kiburi. Haipendi kusimama. Kuna watu kama hivi." Kisha akanyoosha mkono akachukua salopeti msumarini, akaikunja kwa furaha. "Tazama, nimeifua sasa hivi na imekauka. Hali ya hewa ya juma hili, mashallah."

Harusi yenyewe ilikuwa na sheria, na sheria zote alikuwa nazo Waridi, dada mkubwa wa Massoudi. Ya kwanza: bi harusi anatoka kwa baba yake na gari la baba yake. Ya pili, na hii ndiyo iliyomkosesha Massoudi usingizi: moteri ikishawashwa mlangoni kwa baba, haizimwi mpaka bi harusi akanyage ndani ya nyumba ya mume.

"Umesahau musichana wa Mwantum?" alisema Waridi, na hakuna aliyekuwa amesahau, kwa sababu aliwakumbusha kila harusi. "Gari ilizimwa mbele ya famasi, dakika tano tu, mutu anunue dawa ya kichwa. Miezi mitatu baadaye bwana akasema anakwenda Uvira kununua vitenge. Mpaka leo ananunua."

Nyumba ya bwana harusi ilikuwa Kinanira, huko juu kusini. Kutoka Bwiza mpaka huko kulikuwa na bariyeri mbili, na kwenye bariyeri foleni haikujulikana mwisho wake.

Alhamisi jioni akaja Djibril, ami yake bwana harusi. Djibril alikuwa dereva wa wazungu wa misaada kule Kinindo, na alikuwa ameazimwa gari lao, refu, jeupe, lenye antena inayoyumba kama ufito wa kuvulia samaki. Alikaa, akakunja mguu, akasifu mandazi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa: "Mkwe, nimesikia mambo ya soko. Nyanya na vile vyote. Sasa kule kwa bariyeri askari wanasikia paa! unafikiri watalala chini kama Dévote? Wale hawalali. Wale wanajibu. Mutoto apande kwangu. Iko na klimatizeri, ndani baridi tupu."

Maneno yalikuwa ya kweli, na ukweli unapotoka kwa mtu anayekunja mguu namna ile unauma mara mbili.

Djibril alipoondoka, Houda, mke wa Massoudi, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Baba Assia," alisema, "siku ulipoleta ile gari nyumbani, Assia alikuwa na miaka sita. Ulimpandisha juu ya kapo. Ulisema nini?"

"Nakumbuka nilichosema."

"Na yeye anakumbuka." Akaendelea kuchambua mchele.

Alichosema ni kwamba siku ya kuolewa kwake atakwenda kwa mumewe na gari hilo, na dereva atakuwa baba yake, na hata rais akitaka kupita atangoja. Mtu husema mengi gari likiwa jipya.

Ijumaa baada ya sala Karimu alikuja na dawa ya mwisho. Ndani ya gari, chini ya redio, kulikuwa na kishikio kidogo ambacho hakuna aliyekigusa tangu gari litoke kwao. Karimu alikiita shofaji. Ni cha kuwapasha watu joto katika nchi za barafu. "Unafungua yote," alisema. "Moto ya moteri inaingia ndani kwenu, radiateri inapumua. Mshale utapanda, lakini polepole."

"Na watu walio ndani?"

"Watu pia watapanda polepole. Lakini watafika."

Jumamosi saa tisa mchana jua la mwezi wa saba lilikuwa limekaa juu ya Bwiza kama kifuniko cha sufuria. Waridi alikuwa amelipamba gari: utepe mweupe na wa rangi ya waridi, mrefu, ameufunga kwenye ule wavu wa mbele wa kupitishia hewa, ncha zake zikining'inia. Assia aliingia kiti cha nyuma, amefunikwa shela, amefukizwa udi, na Waridi akaingia ubavuni mwake katika buibui zito la sherehe. Kisha Waridi akafunga vioo vyote.

"Dada," alisema Massoudi, "acha kioo kimoja."

"Udi utoke? Vumbi liingie? Endesha."

Houda alisimama mlangoni, kwa sababu mama hamsindikizi binti. Massoudi akawasha injini, akasema bismillahi, akafungua shofaji yote. Vigelegele vikapigwa. Nyuma yao lilikuja gari la Djibril, halafu gari la wazi lenye wapiga ngoma, na Karimu katikati yao akiwa na koti, halafu magari mengine mawili.

Msafara wa harusi huenda polepole, unapiga honi, ili watu watoke kutazama. Massoudi alikwenda polepole mitaa miwili ya kwanza. Mshale ulianza kuinuka. Akakanyaga mafuta. Djibril akidhani anashindana naye, akakanyaga pia. Wapiga ngoma wakaacha ngoma wakashikana wao kwa wao. Watu wa Rohero waliotoka nje wapige vigelegele hawakuwahi. Waliona kitu cheupe kimepita, halafu vumbi, halafu sauti ya Karimu akimtaja Mungu.

"Massoudi!" Waridi aligonga kiti. "Unatoroka nani? Unampeleka mutoto kwa mumewe au unamwiba?"

Akapunguza. Mshale ukapanda. Ndani ya gari joto lilikuwa la mkate ulio tanuri. Bariyeri ya kwanza, bahati yao, askari walikuwa wanakula, wakawapungia mkono wapite.

"Baba," Assia alisema kutoka ndani ya shela, "miguu yangu inaiva."

"Vumilia, mwanangu."

"Wanja umefika mdomoni."

"Bi harusi lazima atoke jasho kidogo," alisema Waridi, ambaye matone yalikuwa yanamdondoka puani. "Mimi nilitoka, na ilikuwa mvua."

Bariyeri ya pili ilikuwa karibu na daraja la Muha. Kamba imefungwa toka pipa hadi pipa, magari manne mbele yao, na askari mmoja tu anayekagua, asiye na haraka ya dunia hii. Massoudi alisimama. Akahesabu. Huko milimani mizinga ilisikika mara mbili, mbali, na hakuna aliyegeuza kichwa. Alipofika mia mbili gari moja lilipita. Mia tatu, la pili. Mshale ulikuwa umeiacha katikati na unakwenda kwenye alama nyekundu bila aibu.

Kioo kikagongwa. Djibril, ameinama, hana hata tone la jasho. "Mkwe, wakati ndio huu. Mimi nimeacha mlango wazi. Mutoto ahame hatua kumi tu, moteri yangu inanguruma, haijazimwa. Sheria ya dada haijavunjika. Ikilia paa hapa, tumekwisha wote."

Massoudi alimtazama dada yake kwenye kioo. Waridi, mwenye sheria zote, aligeukia dirisha. Akamtazama Assia. Assia alikuwa amefunua shela kidogo. Wanja ulikuwa umemchora mashavuni mistari miwili kama paka, na alikuwa anamtazama baba yake tu, kama alivyomtazama siku ile juu ya kapo. Mkono wa Massoudi ukaenda kwenye mlango ili akamfungulie, na mkono ulikuwa mzito kuliko yeye mzima.

"Wewe! Teksi! Sogea!"

Zamu yao ilikuwa imefika. Akasogea. Djibril akarudi nyuma kulifuata gari lake. Askari alikuwa koplo mwembamba, kofia ya chuma imemzidi kichwa, jina lake limeandikwa kifuani: Herménégilde.

"Zimeni moteri. Wote chini."

Waridi alifungua kioo, na mvuke wa udi na joto ukampiga koplo usoni hata akarudi hatua. "Chini tutashuka. Moteri apana."

"Mama, ni amri."

"We mwanangu, umeoa?"

Koplo hakutegemea swali hilo. "Nimeoa."

"Siku ya harusi, gari yako ilizimwa njiani?"

Koplo alitazama kulia na kushoto. Akashusha sauti. "Ilizimika. Mara mbili. Kwa mulima, kule Ngozi."

"Na bibi yuko wapi leo?"

"Kwa mama yake," alisema koplo. "Tangu Pasaka."

Waridi alimtazama tu kwa huruma kubwa, na huruma ile ilifanya kazi kuliko barua ya gavana.

"Moteri ibaki," alisema koplo. "Lakini fungua kapo, nione. Tena hii kitu ni nini?" Alionyesha mbele ya gari kwa mtutu. "Hakuna upepo. Hata jani halitikisiki. Kwa nini hiyo mapambo inapepea?"

Ilikuwa kweli. Tepe za Waridi zilikuwa zimesimama moja kwa moja mbele ya gari, zinapepea kama bendera, zinamwelekea koplo usoni.

"Uzuri wake," alisema Waridi kwa fahari.

"Apana uzuri. Humo ndani kuna kitu kinapuliza."

Massoudi alishuka, karatasi za gari mkononi, akaenda mbele kufungua kapo. Hapo ndipo aliposimama, mbele ya pua ya gari lake, mahali ambapo kwa majuma matatu hakuna mtu aliyewahi kusimama injini ikinguruma. Barabarani hapasimamiki, na gereji ni ukuta. Upepo wa moto ukampiga tumboni. Ukampandisha kanzu. Ulikuwa upepo wa mtu anayefunua sufuria ya pilau.

Alibaki amesimama, kanzu imejaa hewa kama puto, akifikiri kwa mwendo wake wa polepole. Gari likikimbia, upepo unaingia kwa mbele, unapita kwenye radiateri, unakwenda nyuma. Gari likisimama hakuna upepo, feni ndiyo inayouvuta uingie. Unaingia. Hautoki. Huu unatoka! Feni inachukua joto la injini na kulipuliza tena kwenye radiateri.

"Karimu!" alinguruma. Hakuna aliyewahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. "Karimu, njoo hapa!"

Karimu akaja mbio, mikono juu kwa ajili ya askari, koti limejaa vumbi.

"Simama hapa. Unasikia nini?"

"Upepo."

"Unakwenda wapi?"

"Unanijia mimi." Karimu alianza kutabasamu, kisha tabasamu likakwama. "Ndugu yangu, feni inazunguka vizuri..."

"Inazunguka kinyume! Kule kwenye basi ilikaa mbele, ikisukuma hewa ndani. Umeiweka nyuma, uso ule ule kwa radiateri, inasukuma nje! Salopeti yako, Karimu! Ilikuwa inakauka na nini?"

Karimu alifungua mdomo. Watu waliona kabisa ile salopeti ikipita machoni pake, salopeti ya Jumatatu na ya Jumatano. "Mi nilisema ni hali ya hewa," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba!" Assia aliita ndani. "Mshale umeingia kwenye nyekundu!"

"Geuza nyaya," alisema Karimu, na sasa alikuwa fundi tena. "Nyaya mbili tu, zibadilishane, itazunguka upande mwingine. Lakini nikizifungua feni itasimama kabisa. Uhesabu haraka."

Koplo Herménégilde, aliyekuwa amefuata mazungumzo yote huku kofia ikimwangukia, alisema, "Hapa ni bariyeri, si gereji," lakini alisema kinyonge, na tayari alikuwa ameshika kapo lisianguke. Karimu akainama. Akabandua kwa meno ule utepe mweusi uliofunga nyaya. Feni ikafa. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Radiateri ilianza kuguna kama birika, na askari wengine wawili walisogea, vidole karibu na silaha, kwa sababu habari ya soko ilikuwa imefika hata kwao.

"Ikilia paa," Massoudi aliwaambia, "ni maji tu. Nawaomba, watoto wangu. Ni maji."

"Nyekundu kwa nyeusi," Karimu alinong'ona akisokota. "Nyeusi kwa nyekundu. Mungu anisamehe. Utepe! Huu umekufa gundi!"

Koplo aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha sparadra, bandeji ile ya kubandika, imekunjamana. "Ni ya kidole changu," alisema. "Chukua."

Karimu akafunga. Feni ikakohoa, ikazunguka. Massoudi alisogeza mkono mbele ya wavu aone hewa inakwenda wapi, naye alikuwa amesahau kwamba mkono huo umeshika karatasi za gari. Zikamponyoka, zikarukia kwenye wavu na kunata pale kama zimepigwa gundi. Tepe za Waridi nazo ziliruka nyuma zikajilaza juu yake.

"Mmeua mapambo yangu!" alilia Waridi.

"Inavuta!" alisema Karimu. "Ndugu yangu, inavuta!"

Massoudi alizibandua karatasi na tepe zisizibe hewa, akamrudishia dada yake utepe mkononi, akaingia ndani. Mshale ulikuwa bado kwenye nyekundu. Akangoja. Nyuma magari yalipiga honi, wenye hasira na wa harusi pamoja, na wapiga ngoma wakadhani sherehe imeanza wakaanza kupiga. Mshale ukatikisika. Ukashuka upana wa unywele. Ukashuka tena. Massoudi akanyoosha mkono akafunga shofaji.

Djibril alikuwa bado amesimama barabarani, mlango wa gari lake uko wazi, baridi yote ya klimatizeri ikimwagikia daraja la Muha.

"Funga mlango, mkwe," Massoudi alimwambia kwa upole. "Unapoteza petroli ya watu."

Koplo akafungua kamba. Gari lilipompita aliinama kwenye kioo cha Waridi. "Mama, na yule ambaye gari yake ilizimika tayari, anafanya nini?"

"Anakwenda mwenyewe kwa mama mkwe," alisema Waridi. "Kwa miguu. Miguu haizimiki."

Walikwenda Kinanira kwa mwendo wa harusi, polepole kabisa, honi zikilia, na kila penye watu Massoudi alisimama makusudi, akahesabu mpaka mia tano, akaendelea. Assia alifuta mistari ya wanja, akacheka mpaka ikaja mingine. Mlangoni kwa bwana harusi alishushwa kwa vigelegele. Kabla ya kukanyaga kizingiti aligeuka, akaweka kiganja chake chenye hina juu ya kapo, kidogo tu, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akaingia.

Watu wakamfuata ndani. Karimu akaenda kutafuta maji ya kunywa na watu wa kuwasimulia jinsi alivyogundua ugonjwa. Massoudi alibaki kwenye usukani, injini ikinguruma.

Pilau ikapakuliwa. Jua likaanza kuinama upande wa Kongo, na watu wakaanza kutazama saa, maana mji ulifungwa mapema. Waridi akatoka na sahani amefunika.

"We Massoudi. Zima, basi. Mutoto ameshaingia zamani, amekula sukari, amekaa. Imekwisha."

"Naangalia mshale," alisema Massoudi.

Waridi aliinamisha kichwa ndani ya gari akautazama. Ulikuwa katikati, haujatikisika.

"Umesimama vizuri."

"Ndiyo. Lakini acha niuangalie kidogo zaidi."

Waridi alimtazama mdogo wake. Akazunguka, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi, akaweka sahani ya pilau katikati yao. Wakaanza kula, injini ikinguruma, wote wawili wakiutazama mshale.